Tepu ya mita 50 na programu ya simu: nilivyopima eka zangu tatu za Mkuranga

Miche 32 ya mikorosho ilibaki. Ndiyo iliyonifanya ninunue tepu ninayotaka kuielezea hapa, kwa hiyo nianzie kwenye miche.

Mimi nauza vitambaa Kariakoo, mwaka wa 16 huu. Kutwa nzima napima: mita ya mbao mkononi, mteja mbele yangu macho yamemtoka kwenye kidole changu aone kama namvutia au namminya. Masika ya mwaka jana nilinunua shamba ndani ndani huko Mkuranga. Karatasi ya mauziano, iliyoandikwa mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi wanne, inasema "eka tatu, hatua 70 kwa 210". Kijana wa muuzaji ndiye aliyetembea, mimi nikimfuata nyuma nahesabu kwa sauti. Sabini zikatimia. Mia mbili na kumi zikatimia. Hakuna hata moja iliyorukwa. Nikalipa milioni nne na nusu, yaani milioni moja na nusu kwa kila eka.

Mikorosho hupandwa mita 12 kwa 12. Kwa nafasi hiyo eka moja inachukua miche 28, hivyo nikanunua 84 kitaluni, nikaipakia kwenye kirikuu alfajiri, na vibarua wawili wakaanza kuchimba wakifuata kamba ya mita 12 niliyowakatia kwa mkono wangu. Kufika alasiri mistari minne yenye mashimo 13 kila mmoja ilikuwa imemaliza shamba lote, kutoka kwenye njia ya ng'ombe hadi kwenye mnazi wa jirani. Miche 52 imekaa ardhini, 32 iko chini ya mwembe. Mmoja wa wale vibarua akaniambia, "Mama, shamba limeisha." Nikarudi Dar na miche yangu kwenye gari ileile.

Usiku ule sikulala. Sikuwa na uhakika kama nimeibiwa, au vibarua wamekosea kamba, au mimi ndiye sijui eka ni kitu gani. Nilikuwa nimesema "eka tatu" mara nyingi sana miezi ile, kwa mume wangu, kwa dada yangu, kwa wenzangu wa kibati, yaani upatu wetu, na sikuwahi kujiuliza eka moja ina mita ngapi.

Asubuhi nikavuka barabara hadi duka la vifaa vya ujenzi nikanunua tepu ya mita 50. Elfu 25. Ni ile ya utepe wa njano wa nyuzi, si ya chuma, imezungushwa kwenye fremu wazi yenye mpini, na pembeni kuna mkono mdogo wa kuurudishia utepe. Upande mmoja umeandikwa mita, upande wa pili futi. Kabla ya kulipa niliutandaza juu ya meza ya duka nikaulinganisha na mita yangu ya mbao, kipande kwa kipande hadi mita kumi, na ninamshauri kila anayenunua afanye hivyo hata muuza duka akinuna. Mara ya kwanza nilipata tofauti ya sentimita kadhaa, nikadhani tepu ni mbovu. Kumbe kila tepu ina mahali pake pa kuanzia sifuri. Nyingine sifuri iko kwenye ncha ya ile pete ya chuma, nyingine iko ndani kidogo ambapo alama imechapwa kwenye utepe. Hii yangu inaanzia kwenye pete. Ukianzia pasipo, na shamba lina vipande vinne vya mita 50, umeshajikosea mara nne kabla hujafika kona.

Jumamosi nikaenda Mkuranga na mwanangu wa kidato cha nne, mambo kumi ya miti, yaani vigingi vya kupigilia ardhini, na nyundo. Upande mfupi wa juu, mita 52.6. Wa chini, 51.9. Pande ndefu, 158.0 na 157.2. Hapo katikati kijana alinipigia kelele kutoka mwisho wa tepu, "Mama, mia moja sitini na nne!" Moyo ukanilipuka kwa furaha, nikaona shamba limerudi. Alikuwa anasoma upande wa futi, utepe umejipindua kwenye nyasi. Sasa nimepaka rangi nyekundu ya kucha pembeni mwa upande wa futi mwanzo hadi mwisho, na hilo ndilo jambo pekee ambalo ningependa watengenezaji wa tepu hizi walifikirie: wauze tepu yenye mita peke yake, au pande mbili zitofautiane rangi kabisa.

Kuhusu kupima mahali penye urefu kuzidi tepu, utaratibu ni kupiga mambo kila mita 50 na kuhakikisha yote yako kwenye mstari mmoja, mtu mmoja akisimama kwenye kona anachungulia. Tulipokuwa wavivu kwenye upande wa kwanza mstari ukapinda kuzunguka kichuguu na tukapata mita moja na ushee ya ziada. Tukarudia. Halafu utepe wa nyuzi unavutika. Ukiuvuta kama unavuta ng'ombe unakupa namba pungufu, ukiulegeza ukalala tumboni hewani unakupa namba ya ziada. Tulikubaliana kuvuta kwa nguvu moja, utepe uguse ardhi au uwe sambamba nayo. Shamba langu ni tambarare, lakini mwenye shamba la mteremko ajue kwamba eneo linalohesabiwa ni la usawa, si la kufuata mgongo wa kilima, kwa hiyo anatakiwa anyanyue tepu iwe mlalo hata kama itabidi apime vipande vifupi vifupi.

Kona hazikuwa na pembe mraba, zilikuwa zimelegea kidogo. Kwa hiyo hatukuzidisha urefu kwa upana moja kwa moja. Tulipima pia mshazari kutoka kona hadi kona, mita 165.1, ukapatikana umbo la pembetatu mbili, na mwanangu akakaa chini ya mwembe na daftari lake akatumia ile kanuni ya Heron ya pande tatu za pembetatu. Nusu ya mzunguko, toa kila upande, zidisha, tafuta kipeuo. Pembetatu ya kwanza 4,154, ya pili 4,079. Jumla mita za mraba 8,233.

Eka moja ni mita za mraba 4,047. Tatu zingekuwa 12,141. Nilikuwa nimenunua eka mbili na kipande kisichofika hata ukubwa wa duka langu mara tano, na kila eka imenigharimu milioni mbili na laki mbili.

Kwa anayetaka kuliona eneo hilo kwa macho, afikirie uwanja wa mpira wa kimataifa, mita 105 kwa 68. Huo ni mita za mraba 7,140. Eka moja inazidi nusu ya uwanja kidogo tu. Nilidhani nimenunua uwanja mmoja na sehemu kubwa ya uwanja wa pili. Nilichokuwa nacho ni uwanja mmoja na pale wanapokaa wachezaji wa akiba na wapiga picha. Siku hizi hiki ndicho kipimo ninachompa kila anayeniuliza, kwa sababu namba za mita za mraba haziingii kichwani mwa mtu mpaka azione zimelala mahali anapopajua.

Sasa programu ya simu. Nilipakua moja ya bure, zile zinazotumia satelaiti: unatembea mpakani na simu mkononi, inachora mstari nyuma yako, ukirudi ulipoanzia inakupa eneo. Au unakaa nyumbani unagusa kona za shamba kwenye picha ya angani. Matangazo ni mengi, lakini kwa kitu cha bure sina ugomvi nayo. Raundi ya kwanza ilinipa 8,410. Ya pili, saa moja baadaye, 8,050. Tepu inasema 8,233. Yaani simu ilikosea juu kidogo, ikakosea chini kidogo, na kwa vyovyote ilikuwa inaniambia jambo lilelile: hizi ni eka mbili, si tatu. Kama ningekuwa nayo siku ya kununua, dakika ishirini za kuzunguka zingetosha kunifanya nisimamishe malipo.

Lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kipimo chenyewe. Programu ilipofunguka ilikuwa imewekwa kwenye hekta, ikaniandikia 0.84. Nikasoma haraka nikaona sina hata eka moja, magoti yakaisha nguvu. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, sawa na eka mbili na nusu kasoro kidogo, 2.47. Na sisi Watanzania tumejitengenezea tabu ya ziada kwa sababu wengi tunaita eka "heka". Heka na hekta mdomoni zinapishana herufi moja, ardhini zinapishana karibu mara mbili na nusu. Nimeshasikia dalali akisema "heka" kwa mteja aliyekuwa anaandika "hekta" kwenye daftari, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Mimi nimeacha kabisa kusema heka.

Mtego wa pili ni ukubwa wa eneo. Simu ya kawaida, hata mahali pa wazi, inaweza kukuweka mita tano hivi kutoka uliposimama. Kwenye shamba kubwa makosa hayo yanamezwa. Chukua shamba la eka tano lenye pande sawa, kila upande kama mita 142: ukikosea mita moja kila ukingo unapata tofauti isiyofika asilimia tatu. Kwenye kiwanja cha 20 kwa 20, kosa hilohilo la mita moja linakifanya kiwe 22 kwa 22, na mita za mraba 84 zimezaliwa hewani, zaidi ya tano moja ya kiwanja. Nilijaribu kwenye kiwanja cha dada yangu Chanika ambacho tepu ilituonyesha 400 kamili. Simu ikatoa 361, kisha 452. Kwa kiwanja cha mjini, kilichobanana na kuta na miembe ya watu, programu hii isiamue mjadala wa mtu yeyote. Hapo chukua tepu, na ukitaka hati, mpima ardhi mwenye leseni na mawe yake ya mipaka, maana vifaa vyake vinasoma kwa sentimita.

Nirudi kwenye hatua, kwa sababu hapa ndipo tepu ilinifundisha zaidi ya nilivyoilipia. Jumatatu dukani, kabla wateja hawajaanza kuja, niliitandaza kwenye korido tukapima hatua kumi kumi. Kijana wangu wa mzigo, mita 7.5. Jirani yangu wa duka la mapazia, mtu mrefu sana, 8.8. Mimi, 6.2. Ukiichukua hatua yangu ukatembea sabini kwa sabini, "eka" inayotoka ni mita za mraba 1,884, haifiki nusu ya eka. Ya yule jirani ni 3,795, inakaribia. Na ya kijana wa mzigo ni 2,756, ambayo ukiizidisha kwa tatu unapata shamba langu karibu lote. Kijana wa muuzaji hakuniibia hatua. Miguu yake ilikuwa ya kawaida.

Ila kwa nini sabini? Swali hili lilinikaa, na jibu nililipata kwenye kazi yangu mwenyewe. Kitenge huuzwa kwa yadi. Doti za wateja wangu nazipigia hesabu ya yadi tangu nianze. Yadi moja ni sentimita 91.44, mita kasoro upana wa kiganja. Na eka ni kipimo cha Waingereza, waliotawala Tanganyika hadi 1961: yadi 22 kwa yadi 220, jumla yadi za mraba 4,840. Sasa zidisha sabini kwa sabini. Unapata 4,900. Mimi nahisi kwamba ile sabini ya vijijini ilianza ikiwa yadi sabini, kipimo kizuri kabisa, eka moja na zaidi kidogo. Yadi ikapotea, hatua ikachukua nafasi yake, namba ikabaki ileile. Na leo yupo anayeichukulia kama mita, ambapo sabini kwa sabini inakuwa 4,900 za mraba, eka nzima na tano yake. Maneno yaleyale "sabini kwa sabini" yanaweza kumaanisha nusu eka, eka, au eka na ziada, na wote wanaotamka ni watu wakweli.

Mteja wangu mmoja wa Mombasa, mama anayechukua vitenge kwa jumla, aliposikia kisa hiki akaniambia kwao kiwanja ni "hamsini kwa mia". Mimi nikaona mita, nikashangaa watu wa kawaida wanapataje kiwanja cha mita za mraba 5,000, zaidi ya eka. Kumbe ni futi. Hamsini kwa mia ya futi ni mita za mraba 465 tu, inakaribiana na viwanja vyetu vya 20 kwa 20. Mtanzania na Mkenya wanaweza kukaa meza moja, wakatajiana hamsini kwa mia, wakapeana mikono, huku mmoja akiwaza eneo kubwa zaidi ya mara kumi ya mwenzake.

Nilimrudia muuzaji nikiwa na tepu, daftari la mwanangu na mtendaji wa kijiji. Nilikwenda nimekasirika, sifichi. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hapa kwetu eka ni hatua sabini kwa sabini, baba yangu alinigawia hivyo na mimi nimekugawia hivyo. Hii kamba yako sikuijua." Akashika pete ya tepu mwenyewe, akatembea nayo upande wote mrefu, taratibu, akisimama kwenye kila mambo kusoma namba. Alipofika mwisho aliuliza eka ya serikali ingefika wapi. Tukaipima, tukapiga mambo. Akatazama kwa muda ule mstari ulioingia ndani ya mihogo yake. Eneo lote lililopungua hakuweza kunipa, kwa sababu kipande kile alishamgawia binti yake. Alinipa ukanda wa mita 12 upande wa bondeni kwa urefu wote wa shamba, na karatasi ikaandikwa upya kwa mita, kila upande peke yake pamoja na mshazari, mbele ya mashahidi walewale. Nilikubali. Sasa nina eka mbili na nusu, na mstari wa tano wa mikorosho 13. Miche 19 iliyobaki nilimwachia yeye.

Basi hukumu yangu kwa hivi viwili. Programu ya simu ni ya kwenda nayo siku ya kwanza, dalali anapokuzungusha: tembea mpakani, hakikisha umeiweka kwenye mita za mraba au eka, na ikikataa kukaribiana na alichotamka dalali, usitoe hata shilingi ya "kushikilia shamba". Ni ya bure na kwa eka moja kwenda juu inastahili kuaminiwa kama onyo, si kama mkataba. Nyota tatu na nusu.

Tepu ya mita 50 naipa nne na nusu. Nusu nimeiondoa kwa ajili ya zile futi, na kwa sababu ule mkono wa kurudishia ni wa plastiki nyepesi. Wangu umeshapata ufa baada ya safari tano. Mchanga ndio adui yake. Usiurudishe utepe ukiwa na matope, mtu atembee nao akiufuta kwa kitambaa kibichi huku mwingine anazungusha, la sivyo namba zinafutika kuanzia mita za mwanzo ambazo ndizo zinazotumika zaidi. Usinunue ya mita 30 kwa sababu ni nafuu kwa elfu chache. Kwenye upande wa mita 157 ile ya 50 inakupa mambo matatu, ya 30 inakupa matano, na kila mambo ni nafasi ya kukosea. Na tafuta msaidizi anayejua kusoma namba kwa sauti bila haraka.

Tangu mwezi wa nane nimeiazimisha kwa watu tisa. Nawaandika kwenye daftari la madeni, jina na tarehe. Wa mwisho ni yule jirani wa mapazia. Amekwenda nayo Kisarawe kuangalia eka nne, na anatakiwa airudishe Jumanne.